Ulimi wa Nyumba ya Vuillemin

Mlango wa nyuma wa kushoto wa gari la akina Vuillemin ulikuwa haufunguki kwa ndani. Mwaka wa nne huo. Fundi alisema kitasa kinapatikana, Anthelme akasema atakiagiza, na maneno yakaishia hapo, maana Anthelme ni mpishi: anakumbuka siku ya kugeuza kila jibini iliyoko ghalani mwake, lakini kitasa cha gari hakiliwi. Basi kila waliposimama, mama yake, Bi Clémence, alibaki ndani na mkoba mapajani, akingoja mtu azunguke nje amfungulie, kama kuku aliyesahauliwa kwenye tenga.

Miaka mingine hakujali. Mwaka huu kila mlango ule ulipojifunga, moyo wake uliruka.

Nyumba yao ya wageni iko milimani, Jura, na kila Agosti huifunga siku kumi na mbili. Wapishi wengine wakipata likizo huenda baharini kulala kifudifudi mchangani. Akina Vuillemin huenda kula kwa watu. Desturi hiyo aliianzisha marehemu Firmin, mume wa Clémence, aliyekuwa akisema kwamba mpishi anayekula kwake tu ni kama mtu asiye na kioo ila cha mama yake. Walishuka na gari mpaka Lyon, wakapanda Aubrac kwenye ng'ombe na baridi, wakateremka kusini mpaka Castelnaudary kwenye maharage, mchana huku na jioni kule, na kila walichokipenda walirudi nacho kichwani wakakipika kwao majira ya vuli.

Lakini aliyeamua kwamba kimependwa au hakikupendwa alikuwa mmoja tu. Firmin alipika, Clémence alionja. Mhudumu wa Kifaransa huwa anammiminia mwanamume mvinyo kidogo aupime kama haukuharibika. Wanaume wa nyumba ile waliisukuma glasi moja kwa moja mpaka mbele ya Clémence. Hakuna aliyesema chakula ni kitamu kabla yake. Na katika ukumbi wao wa kulia hutakuta kidau cha chumvi hata kimoja, kwa sababu kilichotoka jikoni kimekwisha kupita ulimini mwake, na kukiongezea chumvi ni kumwambia mama mtu mzima kwamba ni mwongo.

Hilo la chumvi Rozenn alilijua vizuri kuliko wote. Rozenn ni mke wa Anthelme, mtu wa Brittany, huko wanakokula siagi yenye chumvi. Wiki yake ya kwanza kama mkwe, miaka kumi na moja iliyopita, aliomba chumvi mezani. Clémence aliinuka, akakusanya vidau vyote ukumbini, akavitia kwenye sanduku, akalifungia sanduku darini. Tangu siku hiyo Rozenn alipanga vyumba, akapokea wageni, akafua mashuka, na mbele ya sahani alifungua mdomo kwa kazi ya kutia chakula tu.

Sasa ndiyo ujue balaa lililomkuta Clémence. Mwezi wa Februari alishikwa na homa. Homa ikaondoka na pua yake. Alikaa kitandani siku tisa, ya kumi akashuka jikoni, akafunua sufuria ya supu ya kitunguu, na mvuke ukampanda usoni ukiwa na joto tu. Akaonja. Joto na maji. Chumvi aliisikia kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto, na sukari kidogo, na uchungu wa kahawa. Mengine yote yalikuwa yamehama. Anthelme akasimama na mwiko mkononi akingoja.

“Vipi, Mama?”

Angesema pale, yangekwisha. Akasema, “Iache dakika kumi.”

Ndivyo alivyoingia mtegoni, kwa miguu yake mwenyewe. Dakika kumi zikawa miezi sita. Alijifunza kuwasoma watu. Shemeji yake Aimé, mdogo wa Firmin, mzee wa miaka sabini na sita na tumbo la kuheshimiwa, alipokula kitu kizuri masikio yake yaligeuka mekundu. Anthelme akiridhika hupangusa sahani kwa mkate, asiporidhika hukatakata mkate vipande na kuviacha. Hayo mawili yalimtosha. Kilichobaki alikitoa kwenye kumbukumbu ya miaka arubaini na sita.

Kisha Julai, akiwa ghalani nyuma ya makopo ya matunda, alimsikia Anthelme jikoni akiwaambia mkewe na Aimé, “Maadamu ulimi wa Mama upo, jiko ni lake, sina neno. Siku ukiisha tutamchukulia vile vyumba viwili kule mjini Lons, jirani na Mama Huguette. Apumzike.”

Mama Huguette ni dada yake Clémence. Ana vyumba viwili, kasuku mmoja, na televisheni isiyozimwa. Clémence alikaa ghalani akiwa na kopo la matunda kifuani mpaka miguu ikafa ganzi.

Lyon alivuka kwa shida. Aliagiza soseji ya matumbo, ile yenye harufu kali, kama kila mwaka, maana angebadili wangeuliza. Sahani ilipotua, mume na mke wa meza ya jirani walihamisha viti vyao. Clémence hakuona sababu. Alikuwa keshainua uma.

“Shemeji,” Aimé akasema, “hii leo hawakuipika. Wameifungulia zizi.”

“Inavyotakiwa,” akasema Clémence, akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo, kama ngoma iliyopigwa baada ya wimbo. Alipotazama, macho ya Rozenn yalikuwa juu yake. Rozenn akainamia sahani haraka.

“Ee, mtu wa siagi ya chumvi,” Aimé akamtania, “hii kwenu mnaipaka nini? Mwani?”

“Kwetu tunaipa mbwa, baba mdogo. Halafu mbwa anatuomba radhi.”

Aimé alicheka mpaka kifungo cha suruali kikafunguka.

Aubrac ilikuwa mbaya zaidi, kwa namna nyingine. Kule mpishi huja mezani na sufuria ya viazi vilivyopondwa vikachanganywa na jibini changa na kitunguu saumu, akavivuta kwa mwiko juu, juu, mpaka vinanyooka kama shuka la kitanda cha mtoto. Clémence akaweka kijiko mdomoni. Ulaini, joto, uzito. Meza ikangoja. Aimé alikuwa bado anapuliza chake, masikio meupe. Anthelme alikuwa na kalamu na lile daftari lake la safari. Hapakuwa na pa kusoma.

“Kitunguu saumu mmekipunguza,” akasema, akibahatisha tu.

Mpishi, jitu la mikono kama mapaja, alisimama na mwiko hewani. “Hapana, mama. Kipimo ni kilekile cha baba yangu.” Akajionjea. Akakunja uso. Akajionjea tena. “Au... Hebu ngoja. Inawezekana. Mwaka huu vitunguu ni vidogo.” Akaondoka akitikisa kichwa, akimwita mkewe.

“Umeona?” Anthelme akamwambia Rozenn, akiandika. “Huo ndio ulimi. Umemkamata mtu nyumbani kwake.”

Clémence alimeza. Alikuwa amemharibia mwanamume mzima siku yake, na kipimo cha baba yake juu, kwa kitu alichokiokota hewani. Aliporudi garini, mlango wa kushoto ukafungwa kwa nje, gari likashuka mlima kona baada ya kona, na harufu ya ng'ombe, ambayo Aimé alikuwa akiisifia dirishani, haikumfikia.

Siku ya tisa waliingia Castelnaudary.

Nyumba ya Fulcrande haina bango. Iko nyuma ya mfereji, meza saba, na chakula kimoja: cassoulet, yaani maharage meupe yaliyochemka taratibu tangu jana yake katika chungu cha udongo, pamoja na paja la bata lililohifadhiwa kwenye mafuta yake, soseji na ngozi ya nguruwe, mpaka juu yakafanya ukoko wa rangi ya kahawia. Ukoko huo huvunjwa na kuzamishwa, ukajitengeneza upya, ukavunjwa tena. Fulcrande alikuwa mwanamke mfupi, mwenye goti bovu na sauti ya kuita mbuzi. Kwa miaka thelathini Clémence alikuwa akila pale mara moja kwa mwaka, na kila mwaka alimwambia Fulcrande ukweli, mtamu na mchungu. Fulcrande alimpendea huo mchungu.

Walikaa mezani saa sita na nusu mchana. Meza ilikuwa ya ukutani, Clémence ndani kabisa, kati ya ukuta na Rozenn. Kutoka pale, mtu angelazimika kuwainua watu wawili na kusogeza meza. Na kutoka kwenyewe hakupo: kwao mtu haondoki mezani kabla ya kahawa, labda awe anazaa.

Msichana wa kuhudumu alileta chupa, akaizibua, akammiminia Anthelme. Anthelme akaisukuma glasi. Clémence akaizungusha, akaingiza pua, akaonja. Uchachu kidogo. Ubaridi. Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyotikisa mara elfu.

Zikajazwa glasi nne.

Aimé akapiga funda. Uso wake ukafanya kitu, kama mtu aliyekanyaga dimbwi akiwa na soksi. Kisha akamtazama Clémence, na uso ukajirekebisha wenyewe. “Hm! Hii ina kina. Ina... pango ndani yake.”

Anthelme naye akanywa. “Pango, ndiyo. Na uyoga. Jani bichi la msituni.” Akaandika kwenye daftari. “Haikuwa hivi mwaka jana, Mama.”

“Haikuwa,” akasema Clémence.

Upande wake wa kulia, Rozenn aliinua glasi, akaifikisha puani, akaishusha bila kunywa. Akaisukuma mbali kwa kidole kimoja, polepole, mpaka nyuma ya kikapu cha mkate. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha meza.

Hapo Clémence akaelewa. Mvinyo ulikuwa umeoza kizibo, yaani kizibo kibovu kilikuwa kimeuharibu humo chupani. Kitu ambacho msichana wa kuhudumu wa miaka kumi na saba angekigundua kutoka mlangoni, yeye alikuwa amekipitisha, na wanaume wawili waliokulia kwenye mvinyo walikuwa wanakinywa na kukisifu, kwa sababu yeye amekipitisha. Pua zao ziliwaambia kweli, wakazinyamazisha.

Miezi sita alikuwa ameogopa kukamatwa. Sasa aliona kitu cha kutisha zaidi: hatakamatwa. Atawalisha sabuni, watasema ina kina. Ataitwa Ulimi mpaka siku ya kuzikwa, na nyumba ya Firmin itapika uchafu, wageni wataondoka mmoja mmoja bila kusema, na Anthelme ataandika kila kitu kwenye daftari.

Bado alikuwa hajapata pumzi, mara Fulcrande akatokea akichechemea, chungu mikononi, kinafoka pembeni.

“Jamani watu wa milimani! Hamjafa?”

“Tulikuwa tunangoja kula kwanza,” akasema Aimé.

Fulcrande alitua chungu, akavunja ukoko kwa mgongo wa kijiko, *kra*, akampakulia Clémence peke yake. Aimé alipopeleka mkono, akamchapa kofi la vidole.

“Wewe ngoja. Nyote ngojeni. Leo nataka ulimi ambao haujasikia gumzo la mtu.” Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. “Dada Clémence. Leo sikupika mimi. Kapika mpwa wangu, Bastian, mwanzo hadi mwisho, mimi sikugusa hata kifuniko. Goti langu linapasuliwa mwezi wa tisa. Watu wanaitaka hii nyumba, wanataka kufanya duka la vitu vya watalii. Nimemwambia Bastian, ‘Clémence anakuja. Akisema ndiyo, nakupa funguo. Akisema hapana, nauza, hatutanuniana.’ Kwa hiyo kula, unipe ukweli wangu.”

Kwenye dirisha dogo la jikoni, mwanamume wa miaka arubaini hivi, kofia ya kitambaa kichwani, alikuwa amesimama akipangusa mikono iliyokwisha kukauka.

Clémence akala. Kijiko kimoja. Cha pili. Harage lilipasuka kati ya ulimi na kaakaa. Ukoko ulikwaruza vizuri. Bata alilegea mfupani. Zaidi ya hapo palikuwa na ukuta mweupe. Akamtazama Aimé: sahani tupu, masikio meupe. Anthelme: mkate mzima. Hakuna aliyekula, hakuna uso wa kusoma. Nyuma yake ukuta, mbele yake meza, na Fulcrande ameweka viwiko viwili juu ya meza.

“Ndiyo” ilikuwa pale mdomoni. Neno jepesi. Lingemfurahisha kila mtu. Na kama chungu kile kilikuwa kama ule mvinyo?

“Mama?” Anthelme akasema. “Unamtesa mtu.”

Clémence akaweka kijiko chini. Akanyoosha mkono nyuma ya kikapu cha mkate, akaitoa ile glasi iliyofichwa, akaitua mbele ya Rozenn.

“Kabla ya chakula, mvinyo. Mwanangu, onja useme.”

Rozenn akawa mwekundu mpaka shingoni. “Mimi, Mama?”

“Hapa kuna Rozenn mwingine?”

“Shemeji,” Aimé akanong'ona, “huyu ni wa siagi ya—”

“Nyamaza, Aimé. Sema, binti. Kweli. Usiponiambia kweli, leo ndiyo nitakasirika.”

Rozenn alimtazama mumewe. Akanusa. Sauti ikatoka ndogo. “Ni kama... sanduku la karatasi lililonyeshewa mvua. Na mbwa amelilalia.”

Fulcrande akaichukua glasi, akainusa, akairudisha nyuma kama aliyekutana na nyoka. “Bikira Maria! Kizibo! Nani amepitisha hii?”

Aimé alitazama glasi yake, iliyokuwa tupu.

“Nimeipitisha mimi,” akasema Clémence. “Sisikii kitu. Tangu Februari. Ile homa. Chumvi, sukari, uchungu, basi. Lyon sikusikia. Aubrac yule maskini nilimdanganya. Hiki chungu, Fulcrande, kwangu mimi ni moto na ulaini. Siwezi kukupa ukweli wako, sinao.”

“Na mimi,” Aimé akasema taratibu, kama mtu anayehesabu hasara ya mafuriko, “nimesema ina pango.”

Anthelme hakumwangalia mama yake. Alikuwa ameshika kalamu kwa ngumi. “Mchuzi wa uyoga wa Pasaka?”

“Nilibahatisha.”

“Watu wa harusi ya Mei? Nilikuuliza mara mbili. Mara mbili, Mama!”

“Ulikula mwenyewe, Anthelme. Ulimi unao.”

“Ulisema uko sawa!”

“Nawe ukaamini kinywa changu kuliko chako. Kama sasa hivi. Umeandika uyoga hapo, nimekuona.”

Akainamia daftari. Mishipa ya taya ilikuwa inacheza.

Fulcrande alikuwa akiwatazama kwa zamu, kijiko kikubwa mkononi. Alikuwa mwanamke asiye na subira ya misiba ya watu chakula kikipoa. “Haya, mtalia baadaye. Goti langu halingoji. Huyu aliyesikia mbwa kwenye mvinyo,” akamwelekezea Rozenn kijiko, “ale yeye.” Akampakulia.

“Mimi sijui maneno yake,” Rozenn akasema. “Nasikia, ila kusema sijui. Sijawahi kusema.”

Neno lile la mwisho lilimpita Clémence mbavuni. “Wewe sikia,” akasema. “Maneno ninayo mimi, yamejaa tele, hayana kazi.”

Rozenn akala. Akafumba macho, jambo ambalo Clémence hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya sahani kwa miaka kumi na moja.

“Bata ni mzuri. Mafuta yake ni... ya duara. Hayakwaruzi.”

“Amekaa kwenye mafuta yake muda wa kutosha. Miezi mitatu au zaidi. Endelea.”

“Mwanzo ni vizuri. Katikati vizuri. Halafu mwishoni, huku nyuma, kuna kitu kinakuja peke yake. Kinatia ganzi. Kama...” Akaona aibu. “Kama kwa daktari wa meno.”

Clémence akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, hakikuchelewa. “Karafuu! Ni karafuu, mwanangu. Nyingi?”

“Si nyingi. Ila imekaa. Kama mgeni asiyejua kuaga.”

“Basi amechomeka karafuu kwenye kitunguu, kama inavyotakiwa, halafu kitunguu hakukitoa. Kimelala chunguni usiku kucha.” Akachukua harage moja kwa uma, akalibana kwa meno ya mbele, taratibu. Meno hayakuugua homa. “Na hili najua mwenyewe: moyo wa harage uko sawa, hauna chaki. Ameyaloweka kwa saa zake, amevunja ukoko mara saba au nane. Mikono anayo, Fulcrande. Kasahau kitunguu.”

Fulcrande hakugeuka. Alipaza tu ile sauti ya mbuzi. “Bastian! Kitunguu kiko wapi?”

Kichwa cha Bastian kikatokea dirishani. Kisha, “Kitunguu kipi, shangazi?”

“Cha karafuu!”

Sauti ya mwiko ukikoroga chungu kingine, chini kabisa. “...Mungu wangu.”

Fulcrande akainuka kwa kushikilia bega la Aimé. Machoni alikuwa na unyevu, lakini mdomoni alikuwa anatukana. “Kitunguu! Kwa ajili ya kitunguu simuuzii mtu nyumba.” Akaondoka akichechemea kwenda jikoni, na zile kelele zilizofuata zilikuwa za mtu anayempa mwingine funguo kwa kumtupia.

Waliobaki wanne walikuwa bado na chungu, na baada ya chungu jibini, na baada ya jibini kitu kitamu, na ndipo kahawa. Wangetamani kila mmoja aende upande wake wa dunia. Wakakaa.

“Rozenn,” Clémence akasema. “Meza ile ya dirishani naona kidau cha chumvi. Niletee.”

Aimé akapiga ishara ya msalaba. Rozenn hakuinuka mara moja. Alimtazama mama mkwe wake kama anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akaenda, akarudi nacho, akakiweka katikati. Clémence akanyunyiza juu ya maharage ya watu, hadharani, mchana kweupe, akala.

“Hiyo naisikia,” akasema.

Rozenn akavuta kidau, naye akanyunyiza. Hayakuihitaji, alisema baadaye, lakini miaka kumi na moja ni mingi.

Jibini ilipokuja kwenye ubao, Anthelme alichukua kisu. Kipande cha mbele kilikuwa cha pembe tatu, na mtoto yeyote wa Jura anajua kwamba ile ncha haikatwi, maana ndiko utamu uliko. Hukatwa ubavuni ili kila mtu apate kidogo. Anthelme akaikata ncha, yote, akaitia sahani yake, akaitazama kana kwamba imekatwa na mtu mwingine.

“Sasa ndiyo tumekwisha,” akasema Aimé. “Mama hana ulimi, mwana kaikata pua ya jibini. Nipeleke na mimi Lons nikafuge kasuku.”

Anthelme alishtuka. Akainua macho. “Nani amesema Lons?”

“Wewe,” akasema mama yake. “Julai. Nilikuwa ghalani.”

“Tutaongea nyumbani, Mama.”

“Nyumbani una sufuria mkononi, utanikimbia. Hapa huwezi kuondoka. Kahawa bado.”

Akakaa na hilo. Clémence alimwona akilizungusha mdomoni. Alikuwa na kichwa cha baba yake, kigumu, lakini kinachoiva ukikipa muda. Hakusema “hatukupeleki.” Hakusema “tunakupeleka.” Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma kwa sauti kavu. “Lyon. Soseji. ‘Inavyotakiwa.’”

“Uongo.”

“Aubrac. ‘Kitunguu saumu kimepunguzwa.’”

“Uongo. Nataka nimwombe radhi yule bwana.”

Akachora mstari juu ya Lyon. Akachora juu ya Aubrac. Akafikiri, akachora juu ya pango na uyoga. Kisha akalisukuma daftari, na kalamu juu yake, likateleza juu ya kitambaa cha meza mpaka likasimama kati ya Rozenn na Clémence, asijue mwenyewe amelisukuma kwa nani.

“Tuna siku tatu,” akasema. “Tunarudi kwa njia tuliyojia. Tunakula vyote upya. Rozenn anaonja. Wewe unampa maneno. Baada ya hapo ndiyo nitajua nina nini mkononi.”

“Vyote?” Aimé akauliza. “Na soseji?”

“Na soseji.”

“Mungu ni mkubwa,” akasema Aimé, akalegeza mkanda.

Kahawa ikaja, nyeusi na kali, na uchungu wake Clémence aliusikia wote.

Nje jua lilikuwa kali juu ya mfereji. Rozenn alifungua ule mlango wa kushoto, akangoja. Clémence akaingia na mkoba wake, mlango ukafungwa, *tap*, kwa nje kama kawaida. Siku tatu za meza. Siku tatu za kuulizwa, na mwisho wake jibu la Anthelme, ambalo hakuna aliyelijua, hata yeye Anthelme. Gari likageuka kuelekea kaskazini. Nyuma, Rozenn alikuwa na daftari magotini, analamba ncha ya kalamu.

“Mama. Ile ya Aubrac, ukivuta, kabla hujafika kwenye kitunguu saumu, kuna kitu kama nyasi zilizokatwa. Kinaitwaje?”

“Nyasi zilizokatwa,” akasema Clémence. “Andika hivyohivyo.”

Akafungua mkoba wake. Ndani ya kitambaa cha karatasi cha nyumba ya Fulcrande alikuwa ameiba chumvi kidogo, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu. Akalowesha kidole, akakigusisha, akakitia mdomoni, akakaa na ladha hiyo njia nzima mpaka milima ya Aubrac.